Mahangaiko ya Kila Siku Yanavyoingia Mwilini: Homa, Upele na Pumu



Mwezi wa Januari sote tunaujua. Shule zinafunguliwa, karo inatakiwa, sare na madaftari pia, na pesa za Krismasi zimekwisha. Mwezi huo huo, katika vikundi tunavyotembelea, huyu anapiga chafya, yule upele umerudi, mwingine kifua kimembana. Watu husema ni vumbi la kiangazi. Ni kweli, vumbi lipo. Lakini vumbi halifanyi kazi peke yake.

Katika kikundi kimoja, mama mmoja mwenye pumu alianza kukosa mikutano. Mumewe alikuwa amepoteza kazi, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kila usiku kifua kilimbana. Majirani wengine walisema amerogwa. Wengine wakasema, "Huyo hana ugonjwa wowote, ni mawazo tu." Mama akaamini kwamba labda ni mawazo kweli, akaacha kutumia dawa ya kuvuta. Basi usiku mmoja alibebwa kwa pikipiki hadi hospitali, hawezi hata kumaliza sentensi moja.

Tunashukuru alipona. Alipotueleza habari zake, alisema jambo lililotuuma: katika miezi hiyo kikundi kilimtoza faini mara tatu kwa kuchelewesha mchango. Na sisi tulikuwa tumeketi pale pale, tukisaidia kuandika faini hizo kitabuni.

Mwili hufanya nini tukihangaika?

Ukikutana na nyoka shambani, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga kemikali ndani ya damu. Moja ni adrenalini. Hiyo huufanya moyo upige mbio na kukupa nguvu za kukimbia. Nyingine ni kotisoli. Hiyo hutoa sukari kwenye akiba ya mwili, na tena huwatuliza askari wa mwili wasipigane kupita kiasi. Nyoka akienda zake, baada ya muda mwili hurudi kama kawaida. Huo ni mpango mzuri.

Lakini deni si nyoka. Nyoka hupita, deni hulala nawe kitandani. Hofu ikikaa miezi, kotisoli nayo haitulii. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huharibikiwa kwa njia mbili. Wengine hulegea, na magonjwa kama homa hupata mlango. Wengine huzoea kotisoli hata hawasikii tena amri ya kutulia, wakaendelea kupigana na kuvimbisha mwili bila sababu.

Hapo ndipo mzio, ambao wengi huuita aleji, unapoingia. Mzio ni askari kumpiga mgeni asiye adui: vumbi la nyumba, poleni ya maua, manyoya ya paka, au chakula fulani. Mwili humwaga histamini, na matokeo yake ni mwasho, machozi na kamasi. Kwa mwenye pumu, njia za hewa huvimba na kubana. Askari ambao tayari hawasikii amri hupigana vikali zaidi.

Watafiti wameona nini?

Mwaka wa 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Uingereza. Watu 394 wazima waliulizwa kuhusu mahangaiko yao, kisha wakatiwa puani matone yenye virusi vya homa. Katika wale wenye mahangaiko machache, kama 27 katika kila 100 waliugua. Katika wale wenye mahangaiko mengi zaidi walikuwa kama 47. Virusi ni vile vile, mzigo wa moyoni ndio uliotofautiana.

Mwaka wa 2002 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walieleza habari za wanafunzi 20 wa chuo wenye pumu isiyo kali. Walipovuta kitu kinachowaletea mzio wakati wa mitihani, njia zao za hewa zilivimba kuliko wakati usio na mitihani.

Tusielewe vibaya. Hatusemi mawazo ndiyo yanayoleta pumu. Pumu ina sababu nyingi, na nyingine hurithiwa. Mahangaiko huongeza kuni kwenye moto uliopo tayari. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "ni mawazo tu" ni makosa. Kifua kinabana kweli kweli.

Tufanye nini?

1. Dawa kwanza. Pampu ya bluu hufungua njia ya hewa kwa muda mfupi. Ukipewa na dawa ya kuzuia, itumie kila siku hata ukijisikia mzima. Usiache bila kumwuliza daktari.

2. Punguza moshi na vumbi. Pika mahali penye hewa, au tumia jiko lenye bomba la kutoa moshi. Anika matandiko juani. Mwenye pumu asipewe kazi ya kupeta mahindi.

3. Lala vya kutosha. Uchunguzi wa Cohen wa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba waliolala chini ya saa 7 walipata homa karibu mara 3 kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Akina baba, mama anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza anahitaji kusaidiwa kazi.

4. Tuulizane hali. Kabla ya kuhesabu pesa, tengeni dakika 10 za kuulizana habari za nyumbani. Anayosema mtu hapo yasitoke nje.

5. Tazameni sheria zenu upya. Kile kikundi tulichokitaja kilikubaliana kwamba mwenye shida ataarifu mapema na kuongezewa mwezi mmoja bila faini. Zamu za Januari za merigoraundi sasa hupewa wenye watoto wa sekondari. Deni linalipwa, na mtu hakimbii kikundi chake.

Hatari! Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi ya bluu, au pampu isipomsaidia, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje asubuhi.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa juu ya kichwa chake, wewe unauona mwepesi. Yule mama amerudi kikundini. Pumu bado anayo, na pampu yake iko mfukoni, lakini siku hizi usiku analala.

Maswali ya kujadili kikundini

- Ni miezi gani yenye mahangaiko mengi kwetu, na ni magonjwa gani huonekana wakati huo?
- Je, kuna sheria yetu inayomwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa?
- Nani kati yetu hajaonekana mikutano miwili iliyopita, na nani atakwenda kumjulia hali wiki hii?