Mkasi, gundi na sura bandia za mwanamke

HEBU toa lile rundo la magazeti na majarida kuukuu lililokaa juu ya kabati, ulitandaze sakafuni. Waite watoto. Waambie wakate kila picha ya mwanamke watakayoiona, iwe ya tangazo, ya habari au ya mapishi, kisha wazigawe mafungu kulingana na kazi anayoifanya huyo mwanamke pichani.

Haitapita nusu saa kabla mafungu hayajaanza kusema yenyewe. Kuna fungu la mama anayefua huku akitabasamu, kana kwamba hakuna starehe duniani iliyozidi ya kusugua kola ya shati. Kuna la anayeonja mchuzi, mume na watoto wakingoja mezani. Kuna la kipusa aliyeegemea gari asiloliendesha. Kuna la wanaopiga vigelegele kumlaki mheshimiwa, na la wanaolia matangani. Katika majarida ya zamani zaidi huenda mkampata yule wa krimu ya kung'arisha ngozi, na sura zake mbili, ya kabla na ya baada. Je, wanaopasua wagonjwa, wanaoamua kesi na wanaoendesha matrekta? Wapo, ila mara nyingi fungu lao hutosha kiganjani.

Si kwamba kufua au kupika ni aibu. Wengi wetu tumelelewa na mikono hiyo hiyo. Ubaya ni kuwa picha moja ikirudiwa mara elfu hugeuka kipimo. Binti hujipima kwayo na kujiona amepungukiwa. Mvulana naye hujifunza cha kumdai mkewe miaka kumi na mitano kabla hajaoa. Nayo picha haibishaniki, kwa kuwa haijibu. Lakini inaweza kukatwa.

Sanaa ya kukata na kubandika huitwa kolaji. Ikichanganywa na chapa, rangi, kitambaa na uzi, huwa kazi ya vifaa mseto. Pengine, msomaji, unadhani huo ni mchezo wa watoto wa chekechea. Basi sikiliza kisa cha mwanamke mmoja wa Ujerumani.

Kisu cha jikoni

Hannah Höch alizaliwa katika mji wa Gotha mwaka wa 1889. Kuanzia 1916 hadi 1926 alifanya kazi katika shirika la uchapishaji la Ullstein mjini Berlin, akichora mitindo ya kufuma na kudarizi kwa ajili ya kurasa za akina mama. Kwa hiyo alijua, tena kwa kuwa ndani ya jiko lenyewe, jinsi "mwanamke wa kisasa" anavyopikwa na majarida. Akayageukia majarida hayo hayo kwa mkasi.

Mwaka wa 1919 alianza kolaji kubwa ambayo jina lake refu linataja kisu cha jikoni kuwa ndicho alichotumia kukipasua kipindi cha vitambi vya bia cha Ujerumani. Ndani yake mna wanasiasa, majenerali, magurudumu ya mitambo na wachezaji dansi, vichwa vya huyu vikiwa juu ya mabega ya yule. Chini, pembeni kabisa, alibandika ramani ndogo ya nchi za Ulaya ambazo wanawake walikuwa wameruhusiwa kupiga kura. Wenzake wa kike nchini humo walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza Januari mwaka huo huo.

Kazi hiyo ilionyeshwa Berlin mwaka wa 1920, katika maonyesho makubwa ya kundi la wasanii waliojiita Dada. Hata hivyo, inasimuliwa kuwa baadhi ya wanaume wa kundi hilo hawakutaka ashirikishwe. Miaka mingi baadaye mmoja wao, Hans Richter, alipoandika kumbukumbu zake, alimsifu Höch kwa jinsi alivyowapatia mikate, bia na kahawa. Naam! Mwanamke aliyeipasua serikali kwa kisu cha jikoni akarudishwa jikoni.

Kazi yake ninayoipenda mimi ni nyingine, ya 1920, iitwayo Msichana Mrembo. Mwili ni wa mwanamke aliyevaa vazi la kuogelea, lakini mahali pa kichwa pana balbu ya umeme. Kando yake kuna gurudumu la gari na nembo za BMW zimetapakaa. Hakuna mahubiri. Vipande hivyo huenda ukavikuta kila siku ukurasa huu na ule usishtuke. Vikikutanishwa, vinaungama.

Hata hivyo, Höch hakupatia kila mara. Katika miaka ya 1920 alitengeneza mfululizo wa picha kuhusu jumba la makumbusho, akibandika sura za vinyago vya Afrika na kwingineko juu ya miili ya wanawake wa Ulaya. Wapo wanaosema alikuwa akiwakejeli Wazungu waliomweka mwanamke juu ya kibao atazamwe kama kinyago. Yawezekana. Lakini Mwafrika mwenyewe katika picha hizo amebaki kuwa kifaa cha kusemea habari za mwingine. Mkasi unaofichua dharau moja waweza kupitisha dharau nyingine bila mwenye kuushika kuhisi.

Mzaliwa wa Nairobi

Aliyeushika mkasi huo kutoka upande wa pili ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1972 na kusoma Loreto Convent Msongari kabla ya kwenda Wales, kisha Marekani, ambako alihitimu shahada ya pili ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 2000. Mutu hukata majarida ya mitindo, ya pikipiki na yale ya safari ambayo kwa miaka mingi yameionyesha Afrika kama nchi ya wanyama na matiti wazi. Kutokana na vipande hivyo huunda wanawake ambao hujui uwaogope au uwaonee fahari.

Tazama mfululizo wake wa picha 12 wa mwaka wa 2006, ambao jina lake linahusu aina za uvimbe wa mfuko wa uzazi. Karatasi ya chini ni michoro ya kale ya vitabu vya udaktari, ile inayoonyesha viungo vya uzazi na maradhi yake. Juu ya michoro hiyo amebandika midomo, macho, nywele na vipande vinavyometameta hadi kila mchoro umekuwa uso. Kitabu cha daktari kilimpunguza mwanamke akawa ugonjwa. Jarida la mitindo lilimpunguza akawa midomo. Mutu ameyakutanisha mawili hayo, na mwanamke aliyekuwa akitazamwa sasa ndiye anayekukodolea macho.

Mwaka wa 2019 alipewa nafasi katika ukuta wa mbele wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ambako vishubaka vya kuwekea sanamu vilikuwa vitupu tangu 1902. Aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi walioketi wima. Wachongaji wa Ugiriki ya kale walimfanya mwanamke nguzo ya kushikilia paa, nao wachongaji wa Afrika ya Kati wakamfanya mguu wa kigoda cha mfalme. Wanawake wa Mutu hawakubeba kitu.

Kwenye meza ya nyumbani

Sasa turudi kwa yale mafungu. Usianze kwa kubandika. Anza kwa kuhamisha. Weka picha moja kando ya nyingine, itazame, iondoe, jaribu nyingine. Kosa la wanaoanza, na nimeliona hata kwa wanafunzi wa sekondari, ni kutaka kusema mambo kumi katika karatasi moja, mwishowe kazi ikafanana na ubao wa matangazo wa kituo cha matatu. Chagua dhana moja tu unayotaka kuipasua.

Chukua leso, kwa mfano. Katika leso nyingi za Mombasa utaona pembeni maneno madogo "Mali ya Abdulla". Ni alama tu ya mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla. Kwenye leso yenyewe alama hiyo haimkeri mtu, kwani macho yote yako kwenye jina, yale maneno ambayo mama kayachagua amsemee jirani yake. Lakini kata kipande hicho cha pindo kutoka kwenye leso iliyochakaa, ukishone chini ya picha ya bibi harusi. Hujaongeza neno. Kila atakayepita atasimama.

Au chukua historia yetu. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga kujengwa kwa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wabunge walimkejeli, na wanawake wa shirika lake la Green Belt wakaitwa kundi la walioachwa na waume zao. Jumba halikujengwa, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Chonga neno MTALAKA, lichape jekundu karatasi nzima kama mapambo ya leso, kisha ulichape juu yake majani mabichi kwa rangi ya kijani hadi neno lianze kupotea.

Kibao cha kuchapia hakihitaji pesa. Soli ya kandambili kuukuu inachongeka vizuri kwa wembe mpya, mtu mzima akiwa karibu. Kumbuka kuzichonga herufi kinyumenyume, la sivyo MTALAKA itasomeka kuanzia mkia. Rangi iwe nzito kama mtindi. Ipake kwa kipande cha sponji, usiimimine. Laza soli juu ya karatasi, ukandamize kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa upande wa jani, paka rangi mgongo wake wenye mishipa, lilaze juu ya karatasi, lifunike kwa gazeti, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko.

Karatasi ya chini iwe manila au ubavu wa katoni. Gundi pikeni wenyewe: koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi, injika moto mdogo ukizidi kukoroga hadi iwe kama uji mzito. Tone la mafuta ya karafuu huchelewesha kuvu. Paka gundi nyembamba mgongoni mwa picha, ulaze, usukume hewa itoke pembeni. Karatasi ikilowa hutanuka, ndiyo maana kazi nyingi hukunjamana. Ikianza kukauka ifunike kwa karatasi ya nta na uilalie vitabu vizito usiku kucha. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano juani upesi kuliko ya jarida linalong'aa. Mimi sioni kuwa hiyo ni kasoro, lakini atakaye kazi idumu aitundike mbali na dirisha.

Picha ya pekee ya nyanya usiikate! Ipigie fotokopi. Ya mashine ya wino mkavu ndiyo nzuri, kwani haitiririki ikilowa. Wala usikate picha ya jirani au mwanafunzi mwenzako. Unapasua dhana, humpasui mtu. Kuna kolaji nyingi ambazo, kwa kisingizio cha kumtetea mwanamke, zimemkatakata tena akabaki mguu na kiuno. Jiulize: huyu niliyemuunda anatazama wapi? Kama bado anatazamwa tu, rudi kwenye mafungu umtafutie macho mengine.

Jitayarisheni pia kwa mabishano. Baba atauliza kwa nini hakuna fungu la wanaume wenye vitambi. Swali zuri, na magazeti yapo. Mama naye huenda akaikingia kifua picha ya mpishi, na pengine ana haki, maana hakuna aliyemuuliza kama anaipenda kazi hiyo. Mwachieni nafasi kwenye karatasi aandike jibu lake kwa mkono wake mwenyewe.

Gundi ikikauka, na kama mmechapa nakala kadhaa, andikeni kwa penseli chini upande wa kushoto namba ya nakala na idadi ya zote, 1/6, 2/6 na kuendelea. Upande wa kulia weka mwaka na jina, la kila aliyekata, aliyechapa na aliyepika gundi.