Fahamu: Kwa nini misindano hupunguzwa shambani?

Shamba la misindano likipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kama ilivyozoeleka Tanzania, hekta moja hubeba miti ipatayo 1,111. Miaka ya mwanzo miti yote hukua vizuri. Kisha matawi hugusana, mizizi hugombea maji, na shina hunenepa polepole.

Hapo ndipo miti iliyodumaa, iliyopinda na yenye magonjwa huondolewa. Iliyobaki hupata mwanga na maji zaidi, ikatanua matawi na kunenepa upesi. Urefu haubadiliki sana. Faida iko kwenye unene, na mbao pana hutoka kwenye gogo nene. Wakulima wengi wadogo wa Mufindi na Njombe huona uchungu kukata miti michanga. Uchungu huo naufahamu, lakini shamba lililosongamana humpa mwenyewe fito nyingi na mbao chache.

Chini ya miti mabadiliko ni makubwa zaidi. Kivuli kizito na zulia la sindano zilizokauka huzuia mbegu kuota. Mwanga ukipenya, nyasi, vichaka na miche ya miti ya asili huchipua, hasa palipo na msitu wa asili jirani ambako ndege na upepo huleta mbegu. Aina za mimea huongezeka, ingawa magugu nayo hunufaika.

Nyasi hizo na matawi yaliyokatwa hukauka kiangazi, na moto ni adui mkubwa wa misindano. Barabara za kuzuia moto zisafishwe mapema.