Madereva wa mashirika ya misaada: Nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu safari?

MTU akitaja mfanyakazi wa shirika la misaada, picha inayowajia wengi ni ya daktari aliye kambini au mgeni kutoka ng'ambo aliyevaa fulana yenye nembo. Ni wachache wanaomfikiria dereva aliyemfikisha mgeni huyo kambini, au karani aliyeketi kando ya redio ya mawasiliano, akiandika saa gari lilipoondoka na saa linapotarajiwa kurejea.

Hata hivyo, watu hao wawili ndio wanaoijua hatari mapema zaidi, na mara nyingi ndio wanaoipata kwanza. Agosti 2025, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wafanyakazi 383 wa misaada waliuawa duniani mwaka 2024, ongezeko la asilimia 31 likilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kati yao, 181 waliuawa Gaza na 60 Sudan. Wengi wa waliouawa hawakuwa wageni, bali wenyeji waliokuwa wakiwahudumia watu wa nchi yao wenyewe.

Kwa vijana wengi wa miji yetu wenye leseni ya udereva, kazi hii huonekana kuwa bahati kubwa ikilinganishwa na matatu, daladala au lori la masafa marefu. Mshahara hufika kwa wakati, gari ni zima, na jina la shirika huheshimika mtaani. Lakini ni vyema kuelewa kazi yenyewe ni ipi, na zaidi ya hayo, ni nani anayeamua kama gari litaondoka au litabaki.

Kazi yenyewe

Katika mashirika makubwa, dereva na karani wa usalama ni watu wawili tofauti. Katika miradi midogo, hasa ile iliyo mbali na miji mikuu, mtu mmoja hubeba majukumu yote mawili: asubuhi yuko kwenye usukani, na jioni yuko mezani akijaza taarifa.

Siku ya dereva huanza kabla ya abiria kufika. Hukagua oili, maji ya rejeta, breki, taa na upepo wa tairi. Huhakikisha kuwa zipo tairi za akiba, jeki, koleo, kamba ya kuvutia gari, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Mashirika mengi yana kanuni kwamba mafuta yasishuke chini ya nusu ya tangi, kwa kuwa safari ya dharura haitoi nafasi ya kutafuta kituo cha mafuta. Gari huegeshwa likielekea nje ya lango ili, ikibidi, liondoke bila kurudi nyuma.

Karani wa usalama naye huweka daftari la safari, orodha ya abiria, na namba za simu za jamaa wa kila mfanyakazi. Ubaoni huandika kila gari liko wapi. Dereva anapofika kituo fulani, hujitambulisha redioni kwa jina maalumu alilopewa, na karani huandika saa. Gari lisipojitambulisha kwa wakati uliopangwa, karani huanza kulitafuta, kwanza kwa redio, kisha kwa simu, kisha kwa kuwaarifu wakubwa wake na, ikilazimu, polisi. Kazi hiyo inaweza kuonekana ya kuchosha, lakini gari likitekwa, daftari hilo ndilo linaloonyesha lilikuwa wapi mara ya mwisho, saa ngapi, na nani alikuwemo.

Kwenye kizuizi cha barabarani, dereva ndiye msemaji. Hupunguza mwendo mapema, huvua miwani ya jua, huzima muziki, huweka mikono mahali inapoonekana, na husalimu kwa lugha ya wenyeji. Kama ni usiku, huwasha taa ya ndani ili walinzi waone nyuso za abiria. Habishani, wala hakubali kubeba mtu mwenye silaha, maana kibandiko cha bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu kilichobandikwa dirishani hupoteza maana siku dereva anapompa askari lifti. Akiamriwa kutoa funguo kwa mtutu wa bunduki, hufundishwa kuzitoa. Gari hulipwa na bima, uhai haurudishwi.

Elimu isiyo na cheti

Mafunzo hayo yote yanaweza kuandikwa katika mwongozo wa kurasa chache. Lipo jambo jingine ambalo haliandikiki kwa urahisi, nalo ni kuijua barabara.

Dereva aliyeipita njia moja kwa miezi mingi hujua siku za soko, ajuaye wachungaji hupitisha mifugo saa ngapi, na watoto wa kijiji kipi hukimbilia gari kupunga mkono. Siku soko limefungwa bila sababu, watoto hawaonekani, na kwa nusu saa hakuna gari hata moja lililokuja kutoka upande wa pili, yeye huelewa kuwa kuna jambo. Pengine ni msiba tu. Pengine ni watu wenye silaha waliolala kando ya njia. Mgeni aliyeketi kiti cha nyuma akisoma barua pepe hawezi kuyaona hayo.

Karani wa usalama mwenye bidii huwauliza madereva maswali hayo kila jioni, na huyaweka katika taarifa ya asubuhi. Shirika linalofanya hivyo hupata habari ambazo haziwezi kununuliwa. Lisilofanya hivyo hubaki na magari mazuri na redio ghali, huku dereva akikaa kimya na aliyoyaona.

Swali gumu hufuata hapo. Je, dereva akisema kuwa njia si salama, bosi mwenye haraka ya kufika kwenye mkutano atamsikiliza? Na kama hatamsikiliza, je, dereva anaweza kukataa bila kupoteza ajira?

Somo la Dadaab

Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, zilianzishwa mwaka 1991 kuwapokea wakimbizi waliokimbia vita vya Somalia. Ukame wa mwaka 2011 uliifanya idadi ya wakimbizi ipite 400,000, na kambi mpya ya Ifo 2 ikafunguliwa. Oktoba 13 mwaka huo, watu wenye silaha waliwateka wanawake wawili raia wa Hispania, wafanyakazi wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakiwa kazini katika eneo hilo. Dereva wao Mkenya alipigwa risasi na kujeruhiwa. Siku tatu baadaye Kenya ilipeleka majeshi yake Somalia. Wanawake hao waliachiliwa Julai 2013.

Juni 29, 2012, msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norway (NRC) ulishambuliwa katika Ifo 2. Msafara huo ulimbeba Katibu Mkuu wa shirika hilo aliyekuwa ziarani, naye alinusurika. Dereva Mkenya aliuawa, watu wengine walijeruhiwa, na wafanyakazi wanne kutoka nchi za nje walitekwa. Waliokolewa siku chache baadaye ndani ya Somalia.

Mmoja wa waliotekwa, Steve Dennis wa Canada, alilishtaki shirika hilo nchini Norway. Novemba 25, 2015, Mahakama ya Wilaya ya Oslo iliamua kwamba hatari ya utekaji ilikuwa inaonekana mapema, kwamba shirika lingeweza kuchukua hatua za kuipunguza, na kwamba lilifanya uzembe mkubwa katika kupanga usalama wa ziara hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni uamuzi wa kusafiri bila ulinzi wa polisi wenye silaha. Dennis alipewa fidia.

Hukumu hiyo ilizitikisa ofisi nyingi za misaada, kwa kuwa ilithibitisha kwamba nia njema haimwondolei mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Kwa madereva, somo lake lilikuwa wazi zaidi. Uamuzi kuhusu ulinzi hufanywa mezani na wakubwa, lakini anayekaa mbele kabisa ya risasi ni yule mwenye usukani.

Barabara ya Rutshuru

Februari 22, 2021, magari mawili ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) yaliondoka Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea Rutshuru kutazama mradi wa chakula cha wanafunzi. Karibu na Kibumba yalisimamishwa na watu wenye silaha. Dereva Mustapha Milambo aliuawa hapo hapo. Abiria wengine walilazimishwa kuingia porini, na katika mapambano ya risasi yaliyofuata waliuawa Balozi wa Italia, Luca Attanasio, na mlinzi wake, Vittorio Iacovacci.

WFP ilieleza kuwa barabara hiyo ilikuwa imeidhinishwa awali kusafiriwa bila walinzi. Kauli hiyo inafaa kutafakariwa na kila karani wa usalama. Idhini iliyoandikwa juma lililopita ni habari ya juma lililopita. Barabara hubadilika kwa usiku mmoja, na njia ya kulijua badiliko hilo ni kuwauliza walioipita asubuhi hiyo.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa inayokaribia, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijashughulikiwa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inatoa fidia ya mshahara wa miezi 96 kwa wategemezi wa mfanyakazi aliyefariki kwa ajali ya kazini. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na waajiri walianza kuuchangia mfuko wake Julai 2015.

Shirika lisilo la kiserikali lililosajiliwa nchini ni mwajiri kama mwajiri mwingine. Umoja wa Mataifa uko tofauti, kwa kuwa Mkataba wa mwaka 1946 unaukinga dhidi ya kushtakiwa katika mahakama za nchi. Mtumishi wake anayedai haki hukata rufaa ndani ya umoja huo, na tangu Julai 2009 Baraza lake la Migogoro ya Kazi limekuwa na ofisi New York, Geneva na Nairobi. Lakini mlango huo uko wazi kwa watumishi wenye mikataba kamili. Aliyeajiriwa kama mtoa huduma, jambo la kawaida kwa madereva, hana njia hiyo. Mkataba wake humwelekeza kwenye usuluhishi.

Tofauti nyingine hujitokeza vita vinapozuka. Utaratibu wa muda mrefu ni kwamba wageni huondolewa nchini, na wenyeji huhamishiwa sehemu nyingine ya nchi au hubaki nyumbani na familia zao. Rwanda mwaka 1994 ilionyesha utaratibu huo unaweza kuishia wapi, ndege zilipowachukua wageni na kuwaacha watumishi wenyeji mikononi mwa wauaji.

Kabla ya kutia saini

Anayeomba kazi hii huulizwa leseni, cheti cha tabia njema kutoka polisi, ujuzi wa ufundi wa magari na lugha anazozijua. Naye ana haki ya kuuliza. Je, mkataba ni wa mtumishi au wa mtoa huduma? Je, bima inahusu kifo na ulemavu unaotokana na vita na ugaidi, au inaviacha nje, kama bima nyingi za kawaida zifanyavyo? Hali ikiharibika, familia yake itahamishwa pamoja naye? Baada ya shambulio, atapata likizo na ushauri nasaha kama wapatavyo wageni? Na swali kubwa kuliko yote: je, kuna kanuni iliyoandikwa inayompa dereva ruhusa ya kugeuza gari anapoona hatari, bila kuadhibiwa?

Maswali haya yamekuwa mazito zaidi tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la USAID kufikia mwisho Julai 1 mwaka huo. Miradi mingi ya Afrika Mashariki ilifungwa au kupunguzwa. Mahali ambapo ajira ni haba, dereva huogopa kusema hapana. Na mahali ambapo bajeti imebana, ni rahisi kuliondoa gari la pili la msafara, kuunganisha kazi ya dereva na ya karani, au kuahirisha mafunzo, kwa sababu hasara ya hatua hizo haionekani katika hesabu za mwezi huo.

Mashirika mengi hivi sasa yana sera nzuri za usalama kwenye makabati yao. Kipimo cha sera hizo si unene wa kurasa. Ni kile kinachotokea asubuhi ambapo mkuu wa mradi ana mkutano saa nne, mfadhili anasubiri, na dereva anasema kuwa tangu saa kumi na mbili hajaona gari lolote likitoka upande ule. Kama neno lake linatosha kuahirisha safari, shirika hilo lina usalama. Kama halitoshi, basi fulana za kuzuia risasi na redio zote zilizonunuliwa zitakuja kutumika wakati ambapo kosa limekwisha kutendeka.