Simu Ipumzike Kabla Mtoto Hajalala

Mavuno ya mtama na uwele yanapoelekea kwisha na shule zikafungwa mwezi Juni, watoto wengi wa Dodoma hupungukiwa na kazi. Ndipo simu ya mzazi, au kibanda umiza cha jirani, huchukua nafasi ya michezo na hata ya usingizi.

Usingizi ndio hasara ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kuwa mtoto wa miaka 3 hadi 4 ahitaji kulala kwa muda wa saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwamo, na asitazame simu wala runinga kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Asiyetimiza mwaka asioneshwe kabisa, hata kama lengo ni anyamaze mama apike.

Kumnyang'anya mtoto simu ghafla huzaa kilio, na kesho yake huitafuta kwa siri. Yafaa zaidi nyumba nzima iwe na saa ya kuzima: baada ya chakula cha jioni simu zote ziwekwe chumbani kwa wazazi, ya baba ikiwamo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu.

Mzazi akiona mtoto halali, anakwepa masomo au anaficha anachotazama, amwone Afisa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya kata, au apige namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.