Joto la kukaushia huamua umri wa bati

KATIKA vijiji vingi vya Kinango, Kaunti ya Kwale, paa la mabati si sitara pekee. Ndilo pia linalokinga maji ya mvua na kuyapeleka tangini, katika eneo ambalo mvua ni ya kubahatisha. Bati likiliwa na kutu mapema, mwenye nyumba hupoteza mambo mawili kwa pamoja.

Bati ni chuma chembamba kilichotumbukizwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisalimike, hata bati linapokwaruzwa. Hata hivyo, zinki nayo huisha, hasa penye upepo wa chumvi kama Diani na Msambweni. Kwa hiyo viwanda huipaka dawa ya kuzuia kutu, na baadhi ya mabati huongezewa rangi. Matabaka haya hupakwa yakiwa majimaji, kisha hukaushwa kwa joto.

Hapo ndipo penye mtihani. Kwa miongo mingi dawa iliyotumika zaidi ni kromati. Utando wake wa kawaida huhifadhi unyevu unaousaidia kujiziba unapokwaruzwa. Ukipashwa joto kupita nyuzi 60 hivi, hukauka mno na kupasuka nyufa ndogo ajabu, ambamo chumvi na maji hupenya.

Kwa kuwa kromati ina sumu, viwanda vingi duniani vimegeukia dawa nyingine. Baadhi ya hizo zina tabia tofauti: zisipopata joto la kutosha, hazishikamani barabara na hupitisha maji.

Rangi nayo huhitaji tanuri linalolipasha bati lenyewe zaidi ya nyuzi 200 kwa muda mfupi, juu ya dawa iliyochaguliwa kustahimili joto hilo. Ikiiva nusu, hubaki laini na kukwaruzika upesi. Ikizidi, hukakamaa na kupasuka bati linapokunjwa.

Mnunuzi haoni tanuri, lakini anaweza kukagua mikunjo ya bati kabla ya kulipa. Rangi iliyopasuka hapo ni dalili mbaya.

Joto laweza pia kuharibu bati likiwa tayari uwanjani. Mashine ya umeme ya kukatia huunguza zinki na rangi ukingoni, na cheche zake huacha madoa ya kutu. Makasi ya bati ni salama zaidi.