Kyalami: kiwanja cha motokari kati ya siasa na bei ya udongo

Wandugu, kila mara habari ya Formula 1 kurudi Afrika inapotoka, mabishano yanawaka kati yetu. Lakini wengi hawajui kama Afrika ilikuwa nayo tayari. Kwa kifupi, nawaelezea historia ya Kyalami, kule Afrika ya Kusini, sababu inatufundisha mambo mengi kupita mbio za motokari.

Kyalami iko Midrand, katikati ya Johannesburg na Pretoria. Jina ni la Kizulu, maana yake ni « nyumbani kwangu ». Kiwanja kilifunguliwa mwaka wa 1961, kwenye mahali pa juu sana, karibu metre 1.500. Kule hewa ni nyepesi, basi mashine za motokari zinapoteza nguvu.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia pale Kyalami yalikuwa Januari 1967. Ile siku John Love, dereva wa Rhodesia (leo Zimbabwe), alikuwa mbele, akibakisha mizunguko michache tu, halafu akalazimika kusimama kuongeza mafuta. Pedro Rodríguez wa Mexico akashinda. Mwaka wa 1975, Jody Scheckter, mtoto wa Afrika ya Kusini, naye alishinda kwao. Lakini 1977 ilikuwa kilio: kijana wa miaka 19 aliyekuwa anavuka njia na chombo cha kuzimia moto aligongwa na motokari ya Tom Pryce. Wote wawili walikufa palepale.

Sasa siasa ikaingia. Mwaka wa 1985, serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika sehemu nyingi za inchi. Serikali ya Ufaransa iliwasukuma Renault na Ligier wasiende, nao wakabaki. Wengine walienda, Nigel Mansell akashinda, lakini kisha hapo Formula 1 ikahama. Gudro ilikuwa palepale, haikuwa na kosa. Ni sifa ya inchi njo ilifunga mlango.

Hapa sisi wa agronomia tunaangalia udongo. Johannesburg ilikuwa inapanuka, bei ya udongo inapanda, na kiwanja bila Formula 1 hakiingizi pesa nyingi. Basi sehemu kubwa ya njia ya zamani, pamoja na ile ndefu iliyonyooka, iliuzwa kwa wajenzi, na njia mpya ikachorwa pembeni. Formula 1 ilirudi 1992 na 1993, halafu pesa ya watayarishaji ikakwama. Toka hapo, Afrika haijapokea tena hata mashindano moja ya Formula 1. Kiwanja cha namna ile ni sawa shamba linaloomba mbolea mwaka mzima na linavunwa siku tatu tu.

Mwaka wa 2014, Kyalami iliuzwa ku mnada. Toby Venter, mkubwa wa Porsche kule Afrika ya Kusini, aliinunua randi milioni 205, akaitengeneza upya. Leo inalishwa na mashindano madogomadogo, maonyesho na mafunzo ya udereva, huku inatafuta nafasi ya kurudisha Formula 1.

Kwetu hii habari haiko mbali. Desemba 2024, Rais Kagame alitangaza kule Kigali kama Rwanda inaomba kupokea Formula 1. Februari 2025, Goma ikiwa tayari mikononi mwa M23, waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Formula 1, akiomba wasimamishe yale mazungumzo. Wamoja walisema: « Michezo haiko siasa. » Wanaosema vile wasome kwanza Kyalami ya 1985. Na siku inchi yetu nayo itaota kiwanja kikubwa, tuulize mapema: usalama uko? Na ile miezi yote bila mashindano, nani atakilisha?