Mlima, mto na bwawa: pesa yako ya picha Embu iende wapi

Kama una shilingi 15,000 na unataka kupiga picha za Embu kabla masika hayajaanza mwezi Machi, usikimbilie duka la kamera. Anza na simu uliyo nayo. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4000 kwa 3000, na huchapishwa hadi inchi 13 kwa 10 ikabaki safi. Kwa kalenda au fremu ya sebuleni, hiyo inatosha kabisa.

Cha kununua kwanza ni stendi. Chukua ya alumini, hata kama ya plastiki inauzwa nusu bei. Ile ya plastiki hulegea shingoni upesi, na upepo wa kule juu Manyatta ukiiangusha, gharama yako ni kioo cha simu.

Pesa nyingine iweke kwa nauli. Mlima Kenya hujitokeza wazi alfajiri, hasa Januari na Februari, halafu mawingu huufunika asubuhi hiyo hiyo. Ukingoja matatu ijae, utakuta vilele havipo. Boda ya saa kumi na moja alfajiri ni ghali kuliko ya mchana, kwa hivyo patana usiku uliotangulia: kwenda, kungojea na kurudi. Hapo kwenye kungojea ndipo wengi hutozwa wasichotarajia.

Kingo za mito ya Rupingazi na Ena hazina lango wala tikiti. Nyingi zinapakana na mashamba ya watu, basi piga hodi kwanza.

Hifadhi ya Mwea, kule Mbeere, ina hesabu nyingine. Kiingilio hulipwa kwa tovuti ya serikali ya eCitizen: mtu ana ada yake, gari lina yake, na huduma yenyewe ina makato yake. Beba kitambulisho, maana bei ya mwananchi hupewa anayethibitisha kwamba ni mwananchi. Ongeza mafuta na gari la kukodi linaloweza barabara ya vumbi. Mkiwa wanne mkachanga, safari inabebeka. Peke yako, iahirishe.

Mwea ndipo simu inaposhindwa. Kiboko aliye majini upande wa bwawa la Kamburu hubaki doa, na kuvuta kwa vidole kunalikuza doa lile lile. Hapo panataka lenzi ndefu, ya milimita 300 hivi. Ikiwa utaihitaji mara moja moja, ikodi kwenye studio. Uliza dhamana ni kiasi gani, ukichelewa unatozwa nini, na mkwaruzo unalipwa na nani. Majibu yaandikwe kwenye risiti.

Ukiamua kununua kamera iliyotumika, Nairobi ndiko kwenye chaguo nyingi, umbali wa kilomita 120 hivi. Bei unayotajiwa kwa kawaida ni ya kamera na lenzi fupi. Lenzi ndefu, betri ya akiba na kadi huja kando, na chaja nayo huenda isiwepo. Uliza imepiga picha ngapi. Kamera nyingi za bei nafuu hukadiriwa kudumu mipigo 100,000, na iliyokaribia hapo haistahili hata nusu ya bei. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, huo ni ukungu ulioota kwa unyevu. Irudishe mezani hata muuzaji akipunguza bei, kwani kuusafisha hugharimu na ukungu hurudi.

Jihadhari na simu mpya ya mkopo. Amana ya 3,000 na shilingi 60 kwa siku husikika rahisi, lakini kwa siku 365 ni 24,900, na ukikosa malipo simu hufungwa. Piga hesabu hiyo dukani kabla ya kuweka sahihi.

Droni iache. Inataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye hifadhi ruhusa ya Shirika la Wanyamapori (KWS) juu yake. Ukifika bwawa la Masinga au la Kiambere, ongea na mlinzi kabla ya kuelekeza kamera kwenye ukuta wake. Maji na machweo hayana ugomvi.

Kadi ya kumbukumbu nunua kwenye duka linalotoa risiti, kamwe si barabarani. Bandia huandikwa GB 64 na hubeba chache tu, zinazozidi zinapotea. Ijaze video usiku huo huo, kisha fungua ya mwisho. Ikikataa, irudishe kesho yake kabla hujaipeleka mlimani.